Uzito Usiotulia

Katika maelezo ya magari ya spoti yenye uwezo mkubwa kuna tarakimu moja ambayo watengenezaji na wapenzi wa magari hayo wameipa heshima inayozidi habari inayoibeba, nayo ni mgawanyo wa uzito, yaani sehemu ya uzito wa gari inayobebwa na magurudumu ya mbele ikilinganishwa na ile inayobebwa na magurudumu ya nyuma. Kampuni ya BMW ya Ujerumani imeutangaza kwa miaka mingi uwiano wa 50 kwa 50 kama alama ya ukoo wake, na wengi wamekubali bila kuhoji kwamba gari lililogawanywa nusu kwa nusu ndilo lenye ulinganifu, na kwamba lolote lililoiacha nusu hiyo limezaliwa na kasoro. Lakini tarakimu hiyo hupatikana kwa kuliweka gari juu ya mizani minne, mmoja chini ya kila gurudumu, sakafu ikiwa sawa, injini ikiwa imezimwa na usukani haujaguswa. Ni kipimo cha gari lililosimama, ilhali hakuna anayenunua gari la spoti ili alitazame likiwa limesimama, ingawa wapo matajiri kadhaa ambao gereji zao zinaikanusha kauli hii.

Gari linapokwenda, uzito wake haubadiliki, bali kinachobadilika kila mara ni namna mzigo huo unavyogawiwa matairi manne. Kitovu cha uzito, yaani nukta ambayo uzito wote wa gari unaweza kuhesabiwa kana kwamba umekusanyika hapo, huwa juu ya barabara kwa nusu mita hivi, lakini kani ya breki hufanya kazi chini kabisa, pale mpira unapogusana na lami. Kwa hiyo dereva akikanyaga breki, sehemu ya chini ya gari inazuiwa wakati sehemu ya juu ingali inataka kuendelea na safari, pua inainama, na mzigo unahamia mbele. Kiasi kinachohama hupatikana kwa kuzidisha uzito wa gari kwa ukali wa breki na kwa kimo cha kitovu, kisha kugawanya kwa umbali uliopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Gari la kilo 1,400, lenye kitovu kilicho nusu mita juu ya barabara na ekseli zilizoachana kwa mita 2.5, likifunga breki kwa ukali uliolingana na mvuto wa dunia, huhamisha kilo 280 kutoka nyuma kwenda mbele.

Hapo ndipo sifa ya nusu kwa nusu inapoanza kutetereka. Gari lililosimama na kilo 700 mbele na 700 nyuma, katika breki hiyo, litakuwa na kilo 980 mbele na 420 tu nyuma, kiasi kwamba matairi ya nyuma yanakaribia kuwa abiria; lakini gari lililosimama na kilo 560 mbele na 840 nyuma litageuka na kuwa na 840 mbele na 560 nyuma, na hivyo matairi yake manne yatagawana kazi ya kulisimamisha kwa haki zaidi. Wakati wa kuondoka kwa nguvu mambo huenda upande wa pili: mchapuko wa nusu ya mvuto wa dunia unarudisha kilo 140 nyuma, na gari lile lenye makalio mazito linapata kilo 980 juu ya magurudumu yanayosukumwa na injini, sawa na asilimia 70 ya uzito wake wote. Katika kusimama na katika kuondoka, basi, gari linalodhaniwa kuwa na kasoro lina faida mbili za wazi, na shitaka dhidi yake linabaki moja tu, ambalo ni kona.

Ili kulielewa shitaka hilo ni lazima kwanza kuitazama tabia ya mpira, kwa kuwa gari lote, pamoja na bei yake, linashikamana na barabara kwa mabaka manne ambayo kila moja halizidi sana upana wa kiganja kilichokunjuliwa. Fizikia ya shuleni hufundisha kwamba msuguano hukua sambamba na mzigo, kwamba mzigo ukiwa maradufu na mshiko huwa maradufu. Tairi halitii kanuni hiyo kikamilifu. Mzigo juu yake ukiongezeka, mshiko huongezeka pia, lakini kwa kiwango kinachopungua kadiri mzigo unavyozidi, hata ikawa tairi lililobebeshwa maradufu linashika kwa chini ya maradufu. Kutokana na ukweli huu mdogo yanatoka mengi: ndiyo sababu magari ya spoti hujengwa mapana na ya kimo kifupi, ili mzigo mchache zaidi uhamie matairi ya nje katika kona, na ndiyo sababu gari lenye asilimia 60 ya uzito wake nyuma, likivishwa matairi yaliyo sawa mbele na nyuma, huishiwa mshiko nyuma kwanza, kwa kuwa matairi ya nyuma yanadaiwa asilimia 60 ya kani ya kulipindisha gari huku yakiwa na mshiko hafifu zaidi kwa kila kilo yanayoibeba.

Jambo la pili ni inesha, yaani ukaidi wa kitu dhidi ya kubadilishwa hali yake, na hasa inesha ya mzunguko, ambayo haitegemei kiasi cha uzito peke yake bali pia umbali wa uzito huo kutoka kwenye mhimili unaozungukwa. Mchukuzi wa mzegazega anaifahamu kwa mabega yake. Mizigo miwili iliyolingana ikining'inizwa kwenye ncha za mti, mti hutulia begani bila kuelemea upande wowote, lakini mchukuzi akitaka kugeuka ghafla katika kichochoro anakuta mti unakataa kuanza kuzunguka, na ukishaanza unakataa kusimama. Mizigo hiyohiyo ikisogezwa karibu na bega, ulinganifu unabaki uleule na kugeuka kunakuwa kwepesi. Gari lenye injini mbele na giaboksi nyuma, mpangilio ambao Alfa Romeo iliutumia katika Alfetta ya 1972 na Porsche katika 924 na 928, hufika karibu na nusu kwa nusu kwa njia ya mzegazega wenye mizigo ya nchani, na matokeo yake ni gari tulivu katika barabara ndefu ya kasi na lisilo na haraka ya kujikunja. Gari lenye injini katikati, nyuma ya kiti cha dereva na mbele ya ekseli ya nyuma, laweza kuwa na uzito mwingi zaidi nyuma kuliko mbele na bado likageuka upesi kuliko lile, kwa sababu uzito wake umelala karibu na kitovu. Mizani minne sakafuni haioni tofauti hiyo hata kidogo.

Ubora wa injini ya katikati kwa mashindano haukuchelewa kujulikana. Ferdinand Porsche aliutumia mpangilio huo katika magari ya Auto Union ya miaka ya 1930, yenye silinda 16, ambayo Bernd Rosemeyer aliyaendesha hadi akawa bingwa wa Ulaya mwaka 1936. Lakini dereva wake aliketi mbele mno, mbali na mahali mkia ulipokuwa ukiserereka, na habari za kuserereka huko zilimfikia zikiwa zimepitwa na wakati, jambo linaloeleza kwa nini Rosemeyer, aliyetoka kwenye mbio za pikipiki na asiyekuwa na mazoea ya kuyasahau, aliyaweza kuliko wakongwe waliomzunguka. Baada ya vita, kampuni ndogo ya Cooper ya Uingereza ilimaliza ubishi: Stirling Moss alishinda nayo huko Argentina mwaka 1958, Jack Brabham akatwaa ubingwa wa dunia mwaka 1959 na 1960, na muda mfupi baadaye hakukuwa tena na mtengenezaji wa Formula 1 aliyeweka injini mbele. Lamborghini nayo iliutumia mpangilio huo katika gari la barabarani, Miura ya 1966.

Katikati ya historia hiyo iliyonyooka limesimama gari moja lisilonyooka, Porsche 911, lililoonyeshwa Frankfurt mwaka 1963 na ambalo injini yake ya silinda sita zilizolala, tatu kila upande, inaning'inia nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma. Yapo maelezo mepesi kwamba mpangilio huo ni urithi wa Volkswagen ya kobe, gari ambalo Ferdinand Porsche alilibuni kwa ajili ya umma, na maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Porsche ya kwanza kabisa kubeba jina hilo, iliyojengwa na Ferry Porsche na mafundi wake huko Gmünd, Austria, mwaka 1948, ilikuwa na injini katikati. Ni katika toleo la kuuzwa ndipo injini ilipogeuzwa na kusogezwa nyuma ya ekseli, ili ndani ipatikane nafasi ya viti vya ziada na mizigo. Waliofanya hivyo hawakuwa wajinga wa inesha. Walipima faida ya fizikia dhidi ya faida ya familia yenye watoto wawili na sanduku, wakachagua ya pili, na vizazi vya wahandisi waliowafuata wakaachiwa deni la kulipa.

Deni hilo lilidaiwa katika hali moja mahususi. Dereva anaingia kona kwa kasi, anashtuka kuona kona inazidi kujikunja, na anafanya kile ambacho woga humfundisha kila mwanadamu: anaachia mafuta. Papo hapo mzigo unahamia mbele, matairi ya mbele yanapata mshiko mpya na kuuma barabara, wakati ya nyuma yanapunguziwa mshiko katika sekunde ileile ambayo yanahitaji kuzuia injini nzima iliyoko nyuma yake isiendelee na safari yake ya kunyooka. Mkia unatoka, na kwa kuwa uzito uko mbali na kitovu, ukishaanza kutoka hauna sababu ya kusimama. Dawa ni kinyume cha woga: kuvunja mwendo mapema kabla ya kona, kuingia taratibu, kisha kukanyaga mafuta kwa kiasi ili mzigo ubaki nyuma, mahali ambapo mshiko unahitajika. Gari lililoadhibu woga na kutuza subira lilipata wapenzi wengi waliodai kwamba linamfundisha mtu kuendesha, na madai hayo yana ukweli wake, ila ni ukweli unaosimuliwa na walionusurika. Toleo la Turbo lililotoka katikati ya miaka ya 1970, ambalo nguvu ya injini yake ilichelewa kufika na kisha kufika yote kwa pamoja, lilibandikwa jina la mtengeneza wajane.

Inafaa hapa kuikumbuka Corvair, gari la familia ambalo Chevrolet ya Marekani ililitoa kama toleo la 1960, likiwa na injini ya silinda sita zilizolala, inayopozwa kwa hewa na kuwekwa nyuma ya ekseli, na hivyo kwa maumbile ni binamu wa 911. Ekseli zake za nyuma zilibembea kutoka katikati, kila nusu ikiwa na kiungo kimoja tu cha ndani, kiasi kwamba mwili wa gari ukiinuka katika kona kali gurudumu liliweza kujikunja chini yake na kupoteza mshiko. Na kampuni ilitegemea sana upepo wa matairi kulinyamazisha tatizo hilo, ikiagiza ratili 15 kwa inchi ya mraba mbele na 26 nyuma, agizo ambalo mfanyakazi wa kituo cha mafuta hakuwa na sababu ya kulijua. Ralph Nader aliitolea Corvair sura ya kwanza ya kitabu chake cha 1965 kuhusu hatari za magari ya Marekani, na jina la gari hilo halikupona, hata baada ya ekseli zake kubadilishwa katika toleo la mwaka huohuo, na hata baada ya ripoti ya serikali ya Marekani mwaka 1972 kusema kwamba halikuwa baya kuliko wenzake wa rika lake. Tabia ileile, basi, iliitwa hatia katika gari la mama wa nyumbani na ikaitwa haiba katika gari la mwanaspoti. Hukumu hizo mbili hazikutolewa na fizikia. Zilitolewa na jamii iliyoamini kwamba anayenunua gari ghali amekubali kufanyiwa mtihani, na kwamba anayenunua gari rahisi ana haki ya kutofanyiwa. Na katika imani hiyo, nusu ya pili ina uzito zaidi kuliko ya kwanza.

Malipo ya deni la 911 yalianza kwa aibu kidogo. Katika miaka ya mwanzo kiwanda kilificha nyuma ya bampa la mbele vipande viwili vya chuma, kila kimoja kikiwa na kilo 11 hivi, ili kuishikilia pua chini, na mtu anayejua gharama ya kupunguza kilo moja katika gari la spoti atauona uchungu wa kuongeza 22 ambazo hazina kazi nyingine yoyote. Kwa toleo la 1969 ilipatikana njia ya kiungwana zaidi: injini iliachwa mahali pake, lakini magurudumu ya nyuma yakasogezwa nyuma kwa milimita 57, hivyo umbali kati ya ekseli ukafika milimita 2,268, na betri moja ikabadilishwa kwa mbili ndogo zilizowekwa katika pembe za mbele, ambako uzito wake ulifanya kazi ya vile vyuma huku ukiwasha taa. Carrera RS ya mwishoni mwa 1972 ilivishwa matairi mapana zaidi nyuma kuliko mbele, jibu la moja kwa moja kwa ile tabia ya mpira iliyoelezwa hapo juu, pamoja na bawa dogo juu ya buti la injini ili hewa isiunyanyue mkia. Ekseli ya nyuma yenye viungo vingi ilifika mwaka 1993, na kizazi cha 2011 kilirefushwa tena kwa milimita 100 kati ya ekseli. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyofuta sheria; kila moja ilinunua sentimita chache za msamaha, na mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuserereka, unaofunga breki ya gurudumu moja peke yake kabla dereva hajatambua kosa, ulinunua zilizosalia.

Afrika Mashariki ilikuwa na ushahidi wake katika kesi hii, na ushahidi huo ulikuwa wa upande wa utetezi. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, yalifanyika kwa miaka mingi wakati wa Pasaka, yaani katika msimu wa masika, ambapo kilichoamua mshindi mara nyingi hakikuwa kasi bali uwezo wa kutoka kwenye tope. Katika tope hoja ya inesha inakaribia kupoteza maana, na hoja ya mshiko inatawala: gari lenye injini juu ya magurudumu yanayosukuma linachimba na kupita, wakati lenye injini mbele na magurudumu mepesi nyuma linazungusha matairi bure. Volkswagen ya kobe, yenye injini dhaifu kuliko wapinzani wengi, ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Aliyeiendesha mwaka 1954 alikuwa Vic Preston, na mwaka 1978 mwanawe, aliyeitwa kwa jina hilohilo, alishika nafasi ya pili kwa 911, nafasi ambayo Sobiesław Zasada wa Poland alikuwa ameipata mwaka 1972 na Björn Waldegård wa Uswidi mwaka 1974, wote kwa gari hilo. Porsche haikupata kushinda Safari ya ubingwa wa dunia, na ni haki kusema hivyo waziwazi, kwa kuwa mashindano yale yalivunja vyuma kwa sababu zisizohusiana na mahali injini ilipo. Lakini mwaka 2011, katika Safari ya magari ya zamani, Waldegård alirudi na 911 akashinda.

Wakuu wa Porsche wenyewe waliwahi kuchoka. Gari la 928, lenye injini mbele na giaboksi nyuma, lilitolewa mwaka 1977 likitarajiwa kurithi kiti cha 911, na kwa vipimo vya maabara lilistahili. Waandishi wa Ulaya walilichagua kuwa gari la mwaka 1978. Wateja hawakushawishika, na Peter Schutz, aliyechukua uongozi wa kampuni mwaka 1981, aliamua kwamba gari la zamani liendelee. Si sahihi kudhani kwamba uamuzi huo ulikuwa ushindi wa hisia dhidi ya akili. Wateja walikuwa wameona kitu ambacho mizani minne haikukiona: gari lililo jepesi mbele lina usukani unaosema kila linalotokea chini ya matairi, na gari ambalo mzigo wake unahama kwa mapana makubwa humpa dereva mwenye mikono mitulivu chombo cha kuligeuza kwa miguu, kwa kuachia na kukanyaga, na si kwa usukani peke yake.

Katika mbio hakuna nafasi ya mapatano ya namna hiyo. Kwa msimu wa 2017 Porsche ilijenga 911 RSR ya mashindano ikiwa na injini iliyogeuzwa na kuwekwa mbele ya ekseli ya nyuma, hasa ili chini ya mkia ipatikane nafasi ya njia ya hewa inayolivuta gari chini, na mwaka 2018 gari hilo likashinda daraja lake katika mbio za saa 24 za Le Mans. Viti vya watoto vilivyoisukuma injini nyuma mwaka 1948 havina kazi huko, kwa hiyo sababu ya asili ilikuwa imekwisha. Magari ya 911 ya kuuzwa kwa wateja wa barabarani yalibaki na injini nyuma ya ekseli, na mwaka 2024, lilipotoka la kwanza kusaidiwa na umeme, betri yake ya umeme huo, yenye kilo 27 hivi, iliwekwa mbele.